Radari Mahjubu, ao Namna Niliingia mu Retrete

Ninyi wote munaobaki ku garaji na mafuta mu kucha, salamu. Mimi niko mu retrete, mapumziko ya wenye kumaliza kazi. Musicheke. Najua niko na miaka makumi mbili na nane na ndevu zangu bado zinahesabika, lakini retrete haiangalii ndevu. Mukubwa wa serikali akiingia mu retrete wanamupatia kiti na hotuba. Mimi walinipatia mugongo. Hotuba najifanyia mwenyewe hapa, mu kaye, ile daftari yenye mutoto wa dada yangu alianzisha hesabu akaiacha. Nilisoma mupaka ya sita primere. Wenye kutafuta makosa watayapata, wasichoke haraka.

Juu ya vyeo sitasema kitu. Ku garaji yetu vyeo vilikuwa viwili: Muzee, na wengine.

Nilifika Kasongo kutoka Kabambare ku pikipiki, siku mbili za matope, shofere mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma. Mbuzi alikuwa abiria. Mimi nilikuwa muzigo. Nilipofika ku garaji, kule nyuma ya soko, Muzee Feruzi aliniangalia na jicho moja. Ile lingine alikuwa analifunga nusu tangu miaka ya kusudura chuma na moto bila miwani.

“Mutoto wa Kabambare, gari ikigonjwa, unauliza nini kwanza?”

“Nauliza inaumwa wapi, Muzee.”

“Itakujibu? Gari haina kinywa. Unauliza: nani aliigusa wa mwisho? Ugonjwa mingi ya gari inaingia kupitia mukono ya mutu.”

Alikuwa ameandika hayo maneno na makaa ku ukuta, herufi kubwa: NANI ALIGUSA WA MWISHO? Siku moja polisi aliingia kuomba maji, akasoma, akavua kofia, akauliza kesi iko ya nani.

Siku ile ya kwanza sikugusa gari. Nilipewa kitambaa na sanduku ya vite, ile ya gia, nikapangusa mupaka jioni. Muzee alipoona sichoki kusema lakini mukono haisimami, akanipatia jina: Bujie. Bujie njo kile kidude cha kupiga cheche mu moteri. Alisema niko vile vile: kidogo, nachoma haraka, na bila mimi kelele haianzi.

Vyombo vyetu vilikuwa vya watu wenye kumuamini Mungu. Kle za kufungulia nati, ya kumi na tatu, ya kumi na saba, nyundo moja yenye shoka ilikuwa mama yake, na uzi ya wavu wa wavuvi wa Lualaba. Musizarau ule uzi. Ukitaka kutoa kitu kimebandikwa na kole, ile gundi, usipige na bisu, utakwangua rangi. Unamwanga maji ya moto, unapitisha uzi nyuma, unavuta huku na huku kama unakata sabuni. Muzee alikuwa anatundika nayo nyama pia. Hatukuuliza ni nini ilianza.

Kesi yangu ya kwanza ya nguvu ilikuwa kamio, lori moja ya Lusangi. Asubuhi inapanda mulima kama kijana, saa nane inakohoa kama mimi mbele ya baba mukwe. Tulisafisha njia ya mazuti, yale mafuta yake, tulifungua pompi, hakuna kitu. Muzee akauliza ulizo yake. Shofere akaapa hakuna mutu aliigusa. Nikafungua filtre ya hewa: mayai sita. Kuku ya mama jirani njo aliigusa wa mwisho. Tulikaanga ushahidi wote, na kamio ikapona.

Sasa nifike ku kesi yenye ilinitia mu retrete.

Patron Musafiri munamujua. Ananunua zahabu ya wachimbaji kule Lusangi, anaivukisha inje ya inchi. Mwaka ule akaleta jeep nyeusi kutoka Dubai. Ilifika juu ya kamio, imefungwa na kamba, kama mufalme mwenye kubebwa. Tablo yake, pale mbele ya shofere, ilikuwa inaandika Kiarabu tupu. Aliyemuuzia alimuambia: hii gari inajiendesha.

Haijiendeshe. Niwaeleze vizuri, juu mutakutana nayo siku moja. Iko na kitu kinaitwa regilateri ya mwendo. Unaipatia mwendo, unafinya kibutoni, unatoa muguu, na gari inashika mwendo ule yenyewe. Mbele ku pua iko na radari, ni jicho ya kuangalia gari ya mbele. Gari ya mbele ikipunguza, yako inapunguza. Ikiondoka, yako inaongeza. Ku inchi zenye gari nyingi ni akili kubwa. Hapa kwetu, gari ya mbele unaweza kuingojea tangu Pasaka mupaka Idi.

Na barabara ya kuitumikisha ilikuwa moja tu, kile kipande cha kutoka mujini chenye kilipigwa greda wakati mukubwa fulani alitangazwa anakuja. Hakukuja. Kipande kilibaki, kinamungojea.

Shofere wa ile gari alikuwa Yaya Sefu, mutu wa kwetu Kabambare, kaka yangu wa mutaa. Mutu mupole, hata ku matope anaomba njia. Kila asubuhi Patron alimukalia pembeni ku kile kipande na kusema: “Sefu, toa muguu.” Yaya Sefu anatoa muguu, namna mutu anatoa karatasi ya shamba ya baba yake. Gari inaenda yenyewe. Patron anafungua kioo na kupigia watu kelele: “Munaona? Wiki zinakuja, Sefu ataenda kulima mihogo!”

Watu wanacheka. Yaya Sefu naye anacheka, na meno tu.

Jumamosi moja Patron akaja ku garaji na kibati chembamba cha kumetameta, kimekatwa sawasawa na alama ya kiwanda yenye iko ku pua ya jeep. “Zahabu ya Lusangi,” akasema. “Safi. Nani hapa ana mukono laini?”

“Bujie,” wakasema wote, na mimi nilisema mbele yao.

Nilipangusa alama, nikapaka kole pembeni-pembeni, nikabandika, nikashikilia na kiganja mupaka ikashika. Nikajiangalia ndani. Nilikuwa muzuri sana mu ile zahabu.

Jumatatu, mbele ya soko, penye kile kipande cha greda kinaanza, barabara ikiwa wazi, hakuna mutu, hakuna kuku, ile jeep ikajifunga breki yenyewe. Paa! Kipaji ya Patron ikabusu kioo. Kofia yake ikatoka kwa dirisha, ikaenda kukaa mu beseni ya Mama Zawadi mwenye kuuzisha mikate ya mafuta.

“Patron,” Mama Zawadi akasema, “mikate iko mingi, haukuombwa kukimbia vile!”

Soko nzima ikaanguka na kicheko. Kisha ku tablo taa ya manjano ikawaka, kengele ikalia, Kiarabu ikajitokeza, na regilateri ikakataa kazi kabisa.

Wakatuletea. Muzee Feruzi akapangusa mikono, akauliza: “Nani aliigusa wa mwisho?”

“Sefu!” Patron akajibu mbele ulizo imalizike. “Kila siku ni Sefu. Nani mwingine?”

Mimi nilikuwa pale, nimesimama na kle. Nilisikia ulizo vizuri. Lakini mu kichwa yangu, kubandika haikuwa kugusa. Kugusa ni kufungua. Mimi nilivalisha tu.

Jumanne tulifanya kosa yenye kila fundi wa hapa angefanya. Patron alisema regilateri inakataa kazi. Kwetu regilateri ni moja: kile kidude cha kupima moto ya umeme ya alternateri isichome batri. Tukashusha alternateri nzima, tukatia regilateri ya minibisi moja marehemu. Batri ikanenepa. Taa ya manjano ikabaki inatuangalia.

Jumatano Muzee akasema: “Gari inasema, sisi njo hatusikii. Muite mwenye Kiarabu.” Nikaenda kuita Maalim Yusufu, mwalimu wa watoto ku musikiti. Alikuja na kinga yake, baiskeli ya zamani, akaiegemeza, akavaa miwani, akaingia mu jeep na heshima yote, viatu inje. Patron alikuwa pale, na Yaya Sefu, na watu wenye hawakuitwa, njo kusema Kasongo nzima.

Maalim akasoma polepole, na kidole. “Radari… mahjubu.”

“Maana yake?” Patron akauliza.

“Mahjubu. Imefunikwa. Inatoka mu neno moja na hijabu. Kuna kitu kimewekwa mbele yake, haioni.”

“Kimewekwa,” Patron akarudilia. Akageukia watu. “Mumesikia? Kimewekwa! Gari yangu imefungwa macho!”

“Patron, mimi nilisoma tu chenye kimeandikwa,” Maalim akasema, akitafuta viatu vyake haraka.

Lakini neno lilikuwa limeisha kutoka. Kwetu, kitu kikifunikwa na mukono yenye haionekane, jina yake ni moja: dawa. Na dawa ina mwenyewe. Na nani alikuwa na sababu gari isijiendeshe? Hata mimi hesabu ile niliweza.

“Sefu,” Patron akasema, sasa bila kelele, na hiyo njo ilikuwa mubaya, “umefunika gari yangu.”

“Patron, nifunike nini mimi? Hata sufuria nyumbani sifuniki, bibi ananigombeza.” Hakuna mutu alicheka. Akashusha sauti. “Patron, niko na watoto sita mu huu muji.”

“Ijumaa, watu wakitoka ku swala, nitasema mbele yao wote wewe ni mulozi. Kama hautaki, ondoa dawa yako mbele ya Ijumaa.”

Munajua maana yake. Mutu akiitwa mulozi mbele ya musikiti, kesho hakuna mwenye kumusalimia, kesho kutwa watoto wanarudishwa kutoka kisima na ndoo tupu, wiki ya pili wanasikia mawe ku bati. Anarudi Kabambare na miguu, na habari inafika mbele yake ku pikipiki. Yaya Sefu alikaa juu ya pneu, tairi yetu ya zamani, mupaka mangaribi. Nilimuletea maji. “Bujie,” akaniambia, “wewe ni fundi. Niondoe dawa gani, yenye sikuweka?”

Alhamisi Muzee akaazima valizi. Valizi njo chombo cha kuuliza gari magonjwa yake. Jina ni kubwa, maana yake sanduku ya safari, lakini kitu kinatosha mu kiganja. Kilikuwa cha mufanyabiashara mumoja wa kutoka Bukavu. Unaichomeka chini ya sterini, telefoni inaonesha majibu kwa Kifaransa. Ile siku wengine walikuwa wameenda kusukuma kamio ku daraja. Tulibaki mimi na Muzee.

Telefoni ikaandika: radari ya mbele, kuna kitu kinazibia. Chini yake ikaonesha picha ya jeep, na alama nyekundu pahali radari inakaa. Nikaangalia picha. Nikaangalia jeep. Nikaangalia picha tena, juu mutu akiona kifo chake anaomba aone mara ya pili. Radari ilikuwa inakaa nyuma ya alama ya pua. Nyuma kabisa ya zahabu yangu.

Ile alama ya kiwanda ni plastiki, radari inaona kupitia ndani yake bila taabu. Mimi nilitia chuma. Na nilishikilia na kiganja ishike vizuri.

Muzee alikuwa anaangalia kwa jicho ile ya nusu. “Bujie, soma ku ukuta.”

“Muzee, najua pale pameandikwa nini.”

“Soma na sauti.”

“Nani aligusa wa mwisho.”

“Ni ulizo ile. Jibu.”

“Mimi.”

Akatikisa kichwa, akakaa. Nikaanza kusema mbio: “Muzee, ni kazi ndogo! Maji ya moto, uzi, tunaitoa sasa hivi, taa inazima, tunasema kole ilichoka, Patron anafurahi, na Yaya Sefu anapona.”

“Anapona nini? Taa ikizima, watasema dawa imetoka. Dawa yenye ilitoka, iliingia. Ataitwa mulozi mwenye aliogopa, mupaka kaburi.” Akasimama, akachukua kanzu yake. “Mimi nimezeeka, siwezi kusema kwa kinywa ya mutu mwingine. Uzi iko pale.”

Ule usiku niligundua kama ulimi yangu, yenye kusema tangu kuzaliwa, haijawahi kubeba kitu kizito.

Ijumaa Patron akaja mapema, mbele ya swala, na watu nyuma yake. Walikuwamo wachimbaji wa Lusangi wenye walimuletea mali, Maalim, na Mama Zawadi na beseni yake, juu penye kuna watu kuna wanunuzi. Yaya Sefu alisimama peke yake, amevaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Ile pasi njo iliniuma.

Nikapanda juu ya pneu. “Patron, dawa nimeiona! Na mulozi nimemuona!”

Nikanyoosha kidole ku kifua yangu.

“Mulozi ni mimi. Jumamosi ulinipatia zahabu nibandike ku pua ya gari. Jicho ya gari iko nyuma ya ile pua. Maalim alisoma sawa: imefunikwa. Alisema imefunikwa, hakusema imelogwa. Yaya Sefu hakugusa kitu.”

“Unamutetea juu ni mutu wa kwenu Kabambare!” Patron akapiga kelele.

“Basi angalia.” Nikamwanga maji ya moto, nikapitisha uzi nyuma ya kibati, nikavuta huku na huku. Kikaanguka chini, tik. Nikapangusa plastiki. Nikazima kontakti, nikawasha. Taa ya manjano ikafikiri kidogo, ikazima. Kengele haikulia. Maalim akainama ku tablo. “Mahjubu imeondoka,” akasema, na sauti ya mutu mwenye kufurahi kutokuwa mu kesi.

Tukaenda ku kile kipande cha greda, kijana wa pikipiki mbele kama gari ya mbele, jeep nyuma, watu wanakimbia pembeni. Yaya Sefu akafinya kibutoni, akatoa muguu. Kisha akatoa na mwingine, akapandisha miguu yote mbili juu ya kiti, watu waone. Pikipiki ikapunguza, jeep ikapunguza. Pikipiki ikaongeza, jeep ikaifuata pole, kama bibi harusi nyuma ya wazee. Watu wakapiga vigelegele. Mama mumoja akamukumbatia Yaya Sefu kupitia dirisha. Mulozi wa asubuhi alikuwa ameisha kufa, na Sefu alikuwa amebaki.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa fundi mupaka leo. Na kweli nilinyamaza. Si mimi nilisema.

Tuliporudi, Mama Zawadi alikuwa ameokota kibati, anakipangusa na kitenge juu kirudi kwa mwenyewe. Uzi yangu ilikuwa imekwangua ukingo wake. Akapitisha ukucha pale. Manjano ikatoka. Akapitisha tena. Ikatoka tena, na chini yake kukaonekana nyeupe.

“Patron,” akaita na roho safi, “zahabu yako inachunika ngozi! Chini ni kopo, sawa na kopo yangu ya mafuta!”

Wachimbaji wa Lusangi walisogea karibu. Waliangalia kile kibati, wakamuangalia mutu mwenye kuwapimia zahabu yao kila wiki, kisha wakaangaliana wao kwa wao, polepole.

Patron akanyakua kibati. “Bujie! Bandika tena!”

“Patron, radari haitaona…”

“Radari ni nini? Niko na shofere! Sefu, si wewe ni shofere?”

“Niko, Patron,” Yaya Sefu akasema haraka, namna mutu anafunga mulango upepo usirudi.

“Bandika! Na ukimaliza, mukono yako isiguse tena gari yangu hata moja!”

Nikapaka kole, nikabandika, nikashikilia na kiganja. Upande wenye umekwanguka niliuweka chini, usionekane sana. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na nilifanya vizuri. Ku Kasongo karibu gari zote zenye kutembea ni za Patron, ao za ndugu yake. Fundi mwenye kukatazwa kuzigusa, jina yake ni retrete.

Watu wanasema nilifukuzwa juu nilifunika radari. Kufunika angenisamehe, alicheka nayo Jumamosi nzima. Nilifukuzwa juu ya kufunua.

Sasa niko na pikipiki, Kasongo na Kabambare, abiria na mbuzi. Haina radari. Ku kile kipande cha greda napishana na ile jeep, pua inametameta, taa ya manjano inawaka ku tablo, Patron akiwa pembeni amejifanya hanioni. Yaya Sefu anapunguza na muguu yake, ananipigia honi mbili. Ku honi ya pili najibu.

Nilipita ku garaji wiki hii kuwasalimia, hamukuwako. Muzee ameongeza neno ku ukuta. Chini ya NANI ALIGUSA WA MWISHO? ameandika BUJIE, na makaa yale yale. Najua wageni wanasoma wanafikiri niliiba kitu. Nawaomba moja tu: mukipaka chokaa mwaka huu, muzunguke pale.